Hasira Iliyokatiwa Sababu: Wageni na Usomaji wa Hisia za Watu wa Mombasa, 1498–1631

1. Utangulizi

Moyo wa mwenzio ni msitu wa giza, walisema wahenga. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kumwonya mtu asiwe mwepesi wa kuwaamini wenziwe. Hata hivyo, kwa mhakiki wa fasihi ina funzo jingine. Inatukumbusha kwamba hisia za mtu haziko wazi kama bidhaa zilizotandazwa sokoni. Hisia husomwa. Husomwa katika uso, katika sauti, katika zawadi na katika kimya; na palipo na kusoma pana msomaji, ambaye huja na matarajio yake, hofu zake na mafunzo ya kwao.

Wahakiki wa nadharia ya upokezi, hasa Hans Robert Jauss, walikwisha kutuonyesha kuwa msomaji huifikia kazi ya fasihi akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi alizozisoma kabla. Swali la makala haya linatokana na hapo: mambo huwaje pale kinachosomwa kinapokuwa uso wa mtu wa taifa jingine, na upeo wa matarajio ukawa umejengwa na vita?

Saikolojia imelijaribu swali hili kwa njia zake. Mwaka 2003 Kurt Hugenberg na Galen Bodenhausen walichapisha nchini Marekani utafiti ambamo watazamaji Wazungu walionyeshwa filamu fupi za nyuso zilizoundwa kwa kompyuta, baadhi za Weusi na baadhi za Weupe, zikibadilika polepole kutoka hasira hadi tabasamu. Watazamaji waliokuwa na chuki zaidi ya kichinichini dhidi ya Weusi waliendelea kuiona hasira katika uso Mweusi kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Walipotazama nyuso za Weupe, tofauti hiyo haikuonekana. Picha zilikuwa zile zile kwa wote. Kilichotofautiana ni kile ambacho kila mtazamaji alikuja nacho.

Jaribio la maabara hupima sekunde chache. Kisiwa cha Mombasa kinatupa ushahidi wa zaidi ya karne moja. Tangu 1498 hadi maasi ya 1631, Wareno waliandika mara nyingi juu ya nyuso, maneno na nyoyo za wenyeji wa Mvita. Maandishi mengi tuliyo nayo kuhusu hisia za wenyeji hao katika kipindi hicho yalipita katika mikono ya Wareno au ya watu waliosafiri nao. Masimulizi ya wenyeji wenyewe juu ya enzi hiyo, katika sura tunayoyajua leo, yaliandikwa baadaye sana. Basi anayetaka kujua Mmombasa wa 1505 alihuzunika vipi hana budi kupitia kwa jicho la adui yake.

Katika makala haya tutazichambua matini za nyakati tatu: 1498, 1505 na 1631. Hoja yetu ni moja. Tumezoea kudhani kwamba dhana mbaya humfanya mtazamaji aone hisia ambayo haipo: mtu ametulia, yeye akaona hasira. Hilo hutokea. Lakini matini za Mombasa zinaonyesha kosa lililo kubwa zaidi na gumu zaidi kulitambua. Mara nyingi mgeni huitaja hisia kwa jina lake la haki, huzuni akaiita huzuni na hasira akaiita hasira, ila huikatia sababu yake. Mahali pa kisa huweka tabia, dini au asili ya watu. Hisia iliyokuwa jibu hugeuka kuwa maumbile.

2. Shajara ya 1498: zawadi na mtego

Vasco da Gama alitia nanga nje ya bandari ya Mombasa Jumamosi, tarehe 7 Aprili 1498. Habari za siku hizo zimo katika shajara ya safari iliyoandikwa na mmoja wa watu waliokuwamo, ambaye hakujitaja jina, ingawa wengi humdhani kuwa Álvaro Velho. Ni matini fupi, yenye lugha kavu, na kwa sababu hiyo imeaminiwa sana na wanahistoria. Tunapoisoma kama matini ya usimulizi, hata hivyo, ukavu huo unaonekana kuficha hukumu nyingi.

Kwanza tukumbuke kilichotangulia. Mwezi uliopita, huko Msumbiji, Wareno walikuwa wamegombana na wenyeji na kuupiga mji kwa mizinga. Walifika Mombasa wakiwa wachache, wengi wao wagonjwa, wakiwa na marubani waliowachukua Msumbiji na mateka kadhaa. Msimulizi hayafichi mambo haya, lakini pia hayaunganishi na anayoyaona mbele yake.

Siku ya kwanza anaona vyombo vingi mbele ya mji vikiwa vimepambwa kwa bendera. Anachukulia kuwa ni maonyesho, na anaeleza kwa fahari jinsi wao nao walivyozipamba merikebu zao ili wasishindwe. Hapa inafaa kufanya hesabu ndogo ya kalenda. Tarehe 7 Aprili 1498 inaangukia katikati ya Shaabani ya mwaka 903 Hijria, karibu kabisa na usiku wa nusu ya mwezi huo, ambao Waislamu wengi huutukuza. Hatudai kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya bendera. Matini haitupi ithibati. Tunachosema ni kwamba mji ulikuwa na kalenda yake, na furaha yake huenda haikumhusu mgeni hata chembe. Uwezekano huo hauna nafasi katika akili ya msimulizi. Kwake, kila kinachotendeka Mombasa kinatendeka kwa ajili ya Wareno, kwa wema au kwa ubaya.

Usiku wa manane kinakuja chombo chenye watu wapatao mia moja, wamechukua panga na ngao. Wanazuiwa kupanda wote. Wanaruhusiwa wakubwa wao wanne au watano, ambao wanakaa kwa muda wa saa mbili hivi kisha wanaondoka. Msimulizi anasema waliona kuwa ziara ile ilikuwa ya kupeleleza kama chombo kimojawapo chaweza kutekwa. Huenda walikisia sawa. Lakini mwezi ulikuwa karibu kutimia, na mashua ya watu mia inayokuja mbalamwezini si njia ya siri. Mji wa bandari unaopata habari za meli ngeni zenye mizinga hupeleka watu wake kutazama, nao huenda na silaha. Matini inayaeleza matendo, kisha inatia nia ndani yake, na msomaji asiyeangalia huyameza yote mawili kwa funda moja.

Kesho yake mfalme wa Mombasa analeta kondoo, machungwa, malimau na miwa kwa wingi, pamoja na pete iwe dhamana ya amani. Wareno wanajibu kwa ushanga wa marijani. Watu wawili wa da Gama wanashuka mjini, wanapita milango minne yenye mabawabu wenye panga zilizochomolewa, wanapokewa vyema na mfalme na kutembezwa. Katika nyumba ya wafanyabiashara wawili wanaonyeshwa karatasi yenye picha inayoabudiwa na wenye nyumba. Wao wanaona humo Roho Mtakatifu, na wanawahesabu wafanyabiashara hao kuwa Wakristo. Wanahistoria kwa jumla wanakubaliana kwamba walikuwa watu wa Bara Hindi, wa dini nyingine kabisa. Kosa hili ni la jamii moja na lile la Calicut mwezi uliofuata, Wareno walipoliingia hekalu la Kihindu wakidhani ni kanisa.

Kosa la picha ile lafaa kuwekwa sambamba na tafsiri ya ile mashua ya usiku. Msimulizi huyu haoni ubaya kila mahali. Ana matarajio mawili aliyoyabeba kutoka kwao: kuwa atawakuta Wakristo waliopotea, na kuwa Mwislamu ni adui. Basi Mhindi ambaye hakuwa Mkristo anapewa upendo wa ndugu, na Mwislamu aliyetoa kondoo na pete anapewa hila. Wote wawili hawakuonekana walivyo. Dhana njema iliyotangulia nayo ni upofu, ila upofu huo haumchomi mtu.

Dhana mbaya ilichoma, tena kwa maana halisi ya neno. Tarehe 10 Aprili, meli ya da Gama ilipokuwa ikijaribu kuingia bandarini, ilikwenda upande na kuigonga nyingine, ikalazimika kutia nanga tena. Waislamu waliokuwa melini waliruka wakaingia katika chombo chao, na marubani wa Msumbiji wakajitosa baharini. Usiku ule da Gama aliwahoji mateka wawili kwa kuwatonesha mafuta yanayotokota juu ya ngozi ili wakiri hila iliyokusudiwa. Walisema kuwa palikuwa na amri ya kuwakamata Wareno mara waingiapo bandarini, ili kulipiza yaliyotendwa Msumbiji. Mmoja alijitupa baharini mikono ikiwa imefungwa; wa pili naye akafanya hivyo kabla ya mapambazuko.

Tuisimamishe matini hapa. Maneno yaliyotolewa kwa mafuta ya moto hayana thamani kubwa kama ushahidi wa nia ya mfalme. Lakini tuseme ni kweli tupu. Tuseme Mombasa ilikusudia kuzikamata meli zile. Katika ukiri huo imo sababu: kulipiza ya Msumbiji. Sababu imeandikwa kwa mkono wa Mreno mwenyewe, katika shajara yake. Mistari michache baadaye, akisha kusimulia waogeleaji waliokuja usiku kukata amari ya meli moja, ambao walinzi mwanzoni waliwadhani kuwa jodari, anatoa hukumu yake: anawafananisha watu wale na mbwa, na anaeleza kushindwa kwao kwa kuwa hawakuwa waumini. Kisa cha Msumbiji kimetoweka. Alikisikia, akakiandika, kisha akahukumu kana kwamba hakukisikia. Hasira ya Mombasa ilikuwa na tarehe na mahali. Katika hukumu hiyo imebaki na dini tu.

Na juu ya yote hayo, anaongeza kuwa walikaa siku mbili zaidi, na kuwa hewa ya Mombasa ilikuwa njema hata wagonjwa wao wote wakapona.

3. Malindi: kipimo cha usomaji

Mhakiki atajuaje kuwa hukumu imetoka kwa msomaji, haikutoka katika kilichosomwa? Njia moja ni kulinganisha. Siku moja baada ya kuondoka Mombasa, msimulizi yule yule anafika Malindi, mji wa Waswahili Waislamu, wa lugha ile ile na desturi zile zile. Hapa napo mfalme analeta kondoo na viungo. Hapa napo pana watu wenye silaha na sherehe ya bandarini. Lakini zawadi za Malindi zinasomwa kuwa dalili ya mapenzi, na shajara inaeleza siku tisa za furaha.

Waliowahi kusoma siasa za pwani watasema kuwa Malindi ilikuwa na haja ya rafiki dhidi ya Mombasa, na kuwa ukarimu wake ulikuwa wa kweli kwa sababu hiyo. Hatupingi. Hata hivyo, da Gama mwenyewe hakuuamini ukarimu huo vya kutosha. Alikataa kushuka pwani, na rubani alipochelewa kuletwa, alimkamata mmoja wa watu wa karibu wa mfalme aliyekuja melini, akamshikilia mpaka rubani alipoletwa. Kwa hiyo katika miji yote miwili Mreno aliogopa, na katika yote miwili alishika watu. Tofauti ni kwamba hofu ya Malindi haikuandikwa katika nyuso za watu wa Malindi. Hofu ya Mombasa iliandikwa katika nyuso za watu wa Mombasa, ikaitwa tabia yao.

Kwa karne moja na zaidi baadaye, mgawanyo huu wa Malindi mwema na Mombasa mwovu ulirithiwa na maandishi mengine ya Wareno. Ukishaandikwa, ukawa ndio upeo wa matarajio wa kila nahodha aliyefuata.

4. Barua ya 1505: huzuni kama ushahidi wa ushindi

Mwezi Agosti 1505 Francisco de Almeida aliishambulia Mombasa kwa kundi kubwa la meli, akauteketeza mji na kuupora. Habari za vita hivyo zimo katika taarifa inayohusishwa na Hans Mayr, Mjerumani aliyesafiri na Wareno. Ndani ya taarifa hiyo imehifadhiwa barua ambayo mfalme wa Mombasa alimwandikia mfalme wa Malindi. Tunayo kwa Kireno tu. Hatuna ya asili.

Barua inamwarifu jirani kuwa amepita bwana mmoja aliyeuchoma mji kwa moto, na kuwa hakuachwa mwanamume wala mwanamke, mzee wala mtoto. Inataja ndege wa angani kuwa nao hawakusalimika. Inasema kuwa uvundo wa maiti umezidi hata mwandishi hathubutu kuuingia mji wake, na kuwa hapana awezaye kuhesabu mali iliyochukuliwa.

Mtu aliyelelewa katika fasihi ya Kiswahili hataona tabu kuisikia sauti ya barua hii. Kutaja ndege ili kuonyesha kuwa hakuna kilichobaki, kuhesabu walioangamia kwa jozi, kumalizia kwa mali isiyohesabika: hizo ni njia za maombolezo, na tenzi zetu zimezoea kuuomboleza mji uliobaki magofu. Jambo la kushangaza zaidi ni anayeandikiwa. Mfalme wa Malindi ni hasimu yake wa siku nyingi, na ni rafiki wa mchomaji. Kumwandikia mtu huyo kwa maneno hayo ni kumwambia: tazama ni nani uliyemkaribisha. Huzuni hii ni onyo, na inadai ujirani uliosahauliwa.

Lakini katika taarifa ya vita barua hiyo inafanya kazi nyingine. Imewekwa baada ya hesabu ya mapambano na nyara. Katika mahali hapo, kilio cha mfalme kinakuwa hati inayothibitisha ukubwa wa ushindi: hata adui amekiri. Hakuna neno la huzuni lililogeuzwa, na hakuna anayekana kuwa mfalme alihuzunika. Kilichobadilika ni matumizi. Msomaji wa Lisbon anaweza kuyasoma maneno yale yale yanayotutia simanzi, akajisikia fahari.

Hapa tunaona namna ya pili ya kuikatia hisia sababu yake. Katika shajara ya 1498 sababu ilifutwa. Katika taarifa ya 1505 sababu imo, kwa kuwa kila mtu anajua nani aliyechoma mji. Kilichokatwa ni dai. Huzuni inaruhusiwa kuonekana maadamu haimdai chochote anayeitazama.

5. Maasi ya 1631: mwana na kaburi la baba

Baada ya Wareno kuanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, waliwaleta watawala wa Malindi kuwa wafalme wa Mombasa. Urafiki wa tangu 1498 ulilipwa kwa njia ya ajabu. Hasan bin Ahmad, mfalme wa nasaba hiyo, aligombana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 aliuawa huko kwa mpango wa Wareno. Kichwa chake kilipelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka kama saba, naye alipelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Augustino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Alitumikia katika jeshi la majini la Wareno, akaoa mwanamke Mkristo, na mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme.

Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaushika mji na kuurudia Uislamu. Wareno na Waafrika Wakristo waliokataa kuiacha dini yao waliuawa. Mapema mwaka 1632 Wareno waliizingira ngome wasifaulu. Baadaye mwaka huo Yusuf aliihama na kuendelea na vita vya baharini hadi kifo chake.

Baada ya maasi, wakuu wa kanisa walikusanya ushahidi wa kiapo huko Goa kuhusu waliouawa. Ushahidi huo, ambao G. S. P. Freeman-Grenville aliuchapisha mwaka 1980, ni matini muhimu kwa suala letu, kwa kuwa mashahidi walilazimika kuusoma upya uso waliokuwa wameuona kwa miaka mitano. Walikuwa wamemwona Mkristo. Sasa walitakiwa kueleza vipi Mkristo yule alifanya aliyoyafanya. Jibu lililopatikana upesi lilikuwa unafiki: Ukristo wake ulikuwa kifuniko, na chini yake alikuwapo Mwislamu wa siku zote.

Masimulizi ya wakati huo yanataja kisa kimoja ambacho kiliupa usomaji huo nguvu. Inasemekana Yusuf alionekana usiku kwenye kaburi la baba yake, akiomba kwa taratibu za Kiislamu, na habari ikamfikia kapteni. Kwa aliyepeleleza, kilichoonekana pale ni dini: namna ya kuinua mikono, maneno ya Kiarabu. Ndilo lililopelekwa kwa kapteni, na ndilo ambalo lingemfikisha mfalme mbele ya mahakama ya kanisa huko Goa. Lakini kabla ya kuwa swala, tendo lile ni mwana kwenye kaburi la baba. Baba huyu aliuawa na wale wale waliomlea mwana, na kichwa chake kilipelekwa katika mji ule ule ambamo mtoto alifundishwa kusali Kilatini. Mtu mwenye historia hiyo akiomba usiku kwa dini ya baba yake, je, tunahitaji neno unafiki ili tumwelewe? Mpelelezi alikiona kilio akaandika uasi wa dini. Tena tunakutana na hisia iliyotambuliwa nusu: alijua kuwa pana siri na uchungu, ila hakutaka kujua uchungu huo ulianzia wapi, maana ulianzia kwao.

Hukumu hiyo ilitiwa katika jiwe. Juu ya lango la ngome kuna maandishi ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeteuliwa mwaka 1635 akiwa kijana wa miaka 27. Yanasimulia jinsi alivyoijenga upya ngome, akawarudisha watu wa pwani katika utii, na kuwaadhibu Pate, Siyu na Pemba. Yusuf anatajwa kama dhalimu aliyewatia watu katika uasi. Baba, kichwa na kaburi havimo.

6. Je, sisi tunasomaje?

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa, mgeni akiwa na kosa na mwenyeji akiwa na haki. Lakini mhakiki anayewatuhumu wengine kwa kusoma vibaya hana budi kuukagua usomaji wake mwenyewe. Kuna usomaji mwingine wa 1631, unaopendeza zaidi kwetu: Yusuf ni shujaa aliyevumilia kimya kwa miaka mingi, akingoja siku ya kuikomboa nchi yake. Usomaji huu unageuza hukumu bila kugeuza mbinu. Mashahidi wa Goa walisema kuwa Ukristo wake ulikuwa uongo tangu mwanzo, nao wakamlaani. Sisi twasema vivyo hivyo, tukamsifu. Wote tunakataa kwamba mtoto wa miaka saba, mbali na kwao, angeweza kuipenda kweli sala aliyofundishwa na watu waliomlisha, na kwamba mtu mzima angeweza kuipoteza kwa maumivu. Shujaa wetu hana moyo uliogawanyika, kwa sababu tunamhitaji asiwe nao.

Jambo hili linaonekana zaidi kwa Waafrika Wakristo waliouawa. Katika masimulizi yumo hata jamaa wa Yusuf mwenyewe. Kanisa liliwasoma kuwa mashahidi wa imani. Sisi, tukiwataja kabisa, huwaita vibaraka waliolaghaiwa. Yawezekana wengine walikuwa watu wanyonge waliopata katika dini mpya heshima waliyonyimwa mahali pengine, wakakataa kuiacha hata mbele ya upanga. Hatuwezi kuyajua ya nyoyo zao. Ila tukiusoma uthabiti wao kuwa ujinga, tumefanya lile lile alilofanya mwandishi wa 1498: tumeiona hisia, tukaikatia sababu.

Na si mambo ya kale tu. Baada ya shambulio la Kikambala la Novemba 2002, kaskazini ya Mombasa, Waislamu wa pwani walilalamika mara kwa mara kuwa wanashukiwa kwa mavazi na majina yao. Kamera zilipoelekezwa kwenye vijana wenye hasira katika mitaa ya Mombasa, mtazamaji wa mbali aliiona hasira, naye hakukosea. Swali ni iwapo alipewa, au alitaka kupewa, habari ya kilichoizaa. Kwa upande mwingine, wenyeji wa Mombasa nao wamekuwa wasomaji wa nyuso za wageni. Wasomali walipokimbilia kisiwani na kando yake baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka Januari 1991, wakawekwa katika kambi kama ile ya Utange, sisi tulizisomaje nyuso zao? Tulipomwona mkimbizi aliyenyamaza, tuliona msiba au tuliona kiburi? Mwandishi atakayeifanyia utafiti fasihi na masimulizi ya miaka ile atakuwa na kazi yenye manufaa.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kuwa katika matini za Wareno kuhusu Mombasa, dhana iliyotangulia hufanya kazi kwa namna zaidi ya moja. Mwaka 1498 sababu ya hasira iliandikwa kisha ikapuuzwa, na dini ikawekwa mahali pake. Mwaka 1505 huzuni ilihifadhiwa kwa uaminifu, lakini ikanyimwa haki ya kudai. Baada ya 1631 uchungu wa mwana ulisomwa kuwa unafiki wa kale. Katika hatua zote tatu, kilichoondolewa ni sehemu ya mtazamaji mwenyewe katika kuizalisha hisia aliyoitazama.

Kwa mhakiki funzo la kimbinu ni hili. Tunapokuta katika matini hisia za mtu wa taifa, dini au tabaka jingine, haitoshi kuuliza kama mwandishi amezitaja sawasawa. Tuulize ameziweka baada ya tukio gani, na ni tukio gani alilolijua akaliacha. Mara nyingi jibu limo humo humo katika ukurasa, kama lilivyo jina la Msumbiji katika shajara ya da Gama. Waandishi wenye dhana mbaya si lazima wawe waongo. Huandika mengi ya kweli, na kwa sababu hiyo huacha nyuma yao ushahidi wa kuwasahihisha.

Wapitao leo katika lango la Ngome ya Yesu, wakitokea Mji wa Kale, hupita chini ya jiwe la Cabreira. Wengi hawalisomi, na wanaolisoma hupata habari za mfalme dhalimu na watu waasi. Afadhali lingali pale. Anayejua kichwa cha Hasan kilikopelekwa ataweza kulisoma hadi mwisho.